MREJESHO: Dawa ya viwavi kwenye miti ya mtaani, Moshi

Habari wakuu. Niliuliza kama nyuki wangu watapona halmashauri ikipuliza dawa ya viwavi kwenye migrevilea ya mtaa wetu. Wamepona, mizinga yote iko salama. Asanteni sana mlionijibu.

Nilimfuata afisa ugani, akanionyesha kopo: Bacillus thuringiensis, bakteria anayepulizwa hata kwenye misitu ya Marekani na Kanada. Kiwavi lazima ale jani lenye dawa. Sumu inafanya kazi tumboni mwake, anaacha kula, anakufa baada ya siku chache. Nyuki hawali majani. Tuliomba wapulize jioni, wakakubali, na ni vizuri maana jua kali huimaliza nguvu dawa hii.

Siku chache baadaye nilivuta tawi la chini: viwavi wadogo wamelegea, wamekuwa weusi, wananing'inia. Wakubwa wenye manyoya bado wanatafuna, na hilo limeniuma, kwa sababu dawa hii huwapata vizuri wakiwa wadogo. Upulizaji ulichelewa. Tumeshamwomba mwenyekiti wa mtaa awamu ijayo ianze mara tu matundu madogo yakionekana kwenye majani.