Majani mapya ya mimea ya tangi la samaki yanatoka manjano: je, ni ugumu wa maji ya Dodoma?

Mkazi wa Ipagala
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina tangi la kioo la lita 80 lenye samaki wadogo waitwao gapi na mimea ya majini. Ninatumia maji ya bomba, ambayo kwa sehemu kubwa mji wetu huyapata kutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na yeyote aliyechemsha chai hapa anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Samaki wanazaana vizuri. Mimea, hata hivyo, inanisikitisha: majani machanga hutoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na yale ya zamani yamefunikwa na utando mweupe unaokwaruza vidole. Karatasi ya kupimia inaonyesha pH 8 (kipimo cha asidi; juu ya 7 maji ni ya alikali). Je, nichemshe maji yote ili kuyapunguzia ugumu, yaani madini ya chokaa yaliyoyeyuka ndani yake, au niachane na mimea?

Mfugaji wa Nzuguni
Ndugu, usiachane nayo, wala usimalize mkaa kwa kuchemsha maji, kwa sababu kuchemsha huondoa sehemu tu ya ugumu. Umanjano wa majani machanga yenye mishipa ya kijani ni dalili ya upungufu wa chuma. Katika maji yenye pH ya juu kama yako, chuma hugeuka kutu ambayo mmea hauwezi kuifyonza, hivyo unaweza kuongeza mbolea kila wiki usione badiliko lolote. Soma lebo kabla ya kununua: chuma cha mbolea hufungwa kwa kemikali inayokizuia kugeuka kutu; kilichofungwa kwa ile iitwayo EDTA hakidumu katika maji ya namna hii, cha DTPA hustahimili zaidi kidogo, na cha EDDHA hustahimili vizuri kabisa, ingawa huyapa maji rangi nyekundu. Kitie kwa kiasi kidogo sana.

Utando mweupe usikutishe. Baadhi ya mimea, hewa ya ukaa inapokuwa haba majini, huchukua ukaa kutoka kwenye bikaboneti, chumvi iliyoyeyuka katika maji magumu, na chokaa hubaki juu ya jani. Vallisneria ni hodari wa kazi hiyo. Humea katika Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9. Anza na huo, pamoja na Ceratophyllum, ambao hauhitaji hata kupandwa. Anubias nao huvumilia. Ufunge tu kwenye jiwe au gogo, kwa kuwa shina lake likifukiwa mchangani huoza.

Mama wa Kisasa
Naomba kumwuliza ndugu yetu wa Ipagala: maji yakipungua tangini, unajazia maji gani? Hapa kwetu, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa ni kavu na upepo ni mwingi, na tangi lisilo na mfuniko hupungua upesi. Kinachopaa ni maji peke yake. Chokaa na chumvi hubaki. Ukijazia ya bomba kila mara, ugumu unapanda mwezi hadi mwezi, hata kama maji ya bombani hayajabadilika. Mimi nilipoteza mimea yangu yote kwa kosa hilo, na iliniuma. Sasa hujazia maji ya mvua, ambayo hukinga kuanzia Desemba baada ya mvua za kwanza kuosha bati, kisha huyahifadhi katika pipa lenye mfuniko. Usibadilishe tangi zima kwa maji ya mvua, maana gapi huhitaji ugumu kiasi na mabadiliko ya ghafla huwadhuru.

Tafadhali pia dondoshea siki mawe na mchanga wako. Vikitoa povu, vina chokaa, navyo vinaendelea kuyafanya maji kuwa magumu.

Mkazi wa Ipagala
Nawashukuru sana. Ni kweli, mama, nimekuwa nikijazia ya bomba tangu Juni, tena tangi liko wazi. Siki nimeijaribu usiku huu: mchanga haukutoa povu, lakini mawe mawili meupe niliyoyaweka kama pambo yametoa povu jingi. Nimeyaondoa, na kesho fundi atanikatia kioo cha kufunika.