Tupeane uzoefu: kununua na kuuza pikipiki iliyotumika kwa matangazo ya mtandaoni

Mwanzisha mada
Wakuu, kuna tangazo nimeliona leo limenikumbusha mbali. Picha kibao, zote za upande wa kulia. Maelezo ni yaleyale: "Imetumiwa na mtu mmoja, haina shida hata moja, bei maelewano." Nilishawahi kulifuata tangazo la namna hiyo. Nilipofika nikazunguka upande ambao haukupigwa picha: ncha ya mkono wa klachi haipo, pedeli ya gia imepinda, mfuniko wa injini una michirizi mirefu iliyopakwa rangi juu yake. Muuzaji akasema ilianguka ikiwa imesimama. Pikipiki iliyoanguka ikiwa imesimama inabonyea au inakwaruzika mahali pamoja. Michirizi mirefu inayoelekea nyuma ni ya kuburuzwa barabarani. Nikamshukuru, nikaondoka.
Mlionunua na mliouza, mwageni yenu.

Kiti cha Nyuma
Upande mmoja tu, halafu tangi limefunikwa kitambaa! Nimekutana nayo hiyo.

Fundi Mstaafu
Nimeona magonjwa mengi ya hizi pikipiki za matangazo, na lililo kubwa ni hili: injini kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe mpaka uwepo. Ukifika, kabla hata ya salamu ndefu, weka kiganja karibu na injini. Kama ina joto, kaa hapo, piga soga, subiri ipoe. Ikiwa baridi haina pa kuficha: betri iliyochoka itajulikana, kabureta iliyoziba itajulikana, na moshi utauona wa kweli.
Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi zimeisha au sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, hilo mara nyingi linarekebishika. Mweupe asubuhi ukitoka kidogo na kuisha ni mvuke tu, lakini usipoisha kwenye injini inayopozwa kwa maji, ondoka. Angalia na oili yenyewe: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia humo. Ila jamani, injini ya mipigo miwili inachanganya oili na petroli, moshi kidogo ni maumbile yake. Nimeona mtu anaikataa nzuri kabisa kwa sababu hiyo.

Muuzaji Halali
Fundi, nakuheshimu, lakini mnatufanya wauzaji wote wezi. Mimi huiwasha asubuhi ili mteja asipoteze muda. Na nikiosha injini mnasema nimeficha kuvuja kwa oili, nikiiacha chafu mnasema sijali chombo. Tufanyeje?

Fundi Mstaafu
Osha siku kadhaa kabla, kisha itumie. Isipovuja tena, mteja ataona mwenyewe kuwa ni kavu.

Kiti cha Nyuma
Muuzaji Halali ana hoja, lakini wanunuzi ndio tunaoumia zaidi.

Muuzaji Halali
Zaidi? Mtu alikuja kujaribu yangu, akaniachia begi na kofia ya chuma kama dhamana, akageuza kona ya kwanza ikawa kwaheri. Begi lilikuwa na magazeti. Usiniambie nani anaumia zaidi.

Dada wa Keria
Nimesoma hapo kuhusu kuibiwa mikono ikanitetemeka, ngoja niseme.
Pikipiki yangu iliibwa nje ya kazini. Ilikuwa nyekundu. Niliripoti polisi, nikakaa na kadi yangu ya usajili wa pikipiki na karatasi ya ripoti, nikawa kila usiku napitia matangazo. Watu nyumbani waliniona nimechanganyikiwa. Usiku mmoja nikaona pikipiki nyeusi, aina ileile. Ningeipita, lakini kwenye keria kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umevimba upande mmoja. Ule mshono naujua. Nilikuwa nimesimama pale fundi akiuchomelea.
Nikamwandikia muuzaji kama mnunuzi. Mpole, anajibu haraka. Nikaomba picha ya chini ya kiti ilipofunguliwa: kwenye kona moja rangi nyekundu inaonekana. Nikaomba picha ya namba ya chesisi. Akatuma, lakini kidole gumba kimefunika tarakimu za mwisho. Wanaojua watanielewa. Namba ile ina herufi na tarakimu 17, za mwanzo zinaeleza mtengenezaji na aina, kwa hiyo zinaweza kufanana kwa pikipiki nyingi. Za mwisho ndizo zinazoitenga moja na nyingine.
Tukapanga kukutana. Nikaenda polisi kwanza.
Nitaendelea, simu inazima.

Kiti cha Nyuma
Dada! Usituache hapa!

Mnyororo Mkavu
Tunasubiri. Wakati huohuo: ukitaka kujua kama mnyororo umeisha, uvute kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ukiachana na meno ukaona mwanga, hesabu gharama ya mnyororo na sproketi zote mbili kwenye bei.

Muuzaji Halali
Nani anataka mnyororo sasa hivi?

Mteja wa Mbali
Mimi wangu alikuwa tapeli wa kishika uchumba. "Kuna watu wengine wanaitaka, tuma kiasi nikushikilie." Nikaichukua picha ya tangazo nikaitafuta mtandaoni kwa njia ya picha, ikatokea kwenye tangazo la nchi nyingine, yenye namba tofauti. Nilipomuuliza akanifungia. Usitume hata senti kwa chombo ambacho hujakigusa.

Mnyororo Mkavu
Sikubaliani. Ukiwa mbali, usipotuma kitu hakuna atakayekusubiri. Tuma kidogo, kwa maandishi.

Mteja wa Mbali
Maandishi ya mtu usiyemjua yanakusaidia nini?

Dada wa Keria
Nimerudi. Tulikutana mahali pa wazi, askari wawili wamevaa kiraia. Aliyekuja na pikipiki alikuwa kijana. Tarakimu za mwisho za chesisi zilikuwa zimegongwa upya, zimepinda, chuma kimesagwa kuzizunguka. Lakini namba ya injini, iliyokuwa chini ya tope na oili, hawakuigusa. Ikalingana na kadi yangu moja kwa moja.
Na yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa ameinunua kwa tangazo kama sisi. Alikuwa na makubaliano yaliyosainiwa na nakala ya kadi, aliambiwa kadi halisi "italetwa". Alikuwa anaiuza kwa sababu kadi haikuletwa na muuzaji hapatikani. Ndiyo maana alificha tarakimu, aliogopa. Akakaa chini pale barabarani. Mimi nikapata changu, yeye akakosa pikipiki na akakosa pesa. Furaha yangu iliishia hapohapo.

Kiti cha Nyuma
Ungemchangia hata nusu, dada. Naye kaibiwa.

Muuzaji Halali
Achangie kwa kosa gani? Alikuwa anamsukumia mtu mwingine hasara, akijua kuna tatizo!

Kiti cha Nyuma
Hakujua ni ya wizi.

Muuzaji Halali
Kidole kilijua.

Fundi Mstaafu
Taratibu. Sheria za nchi nyingi ziko wazi: mwizi hawezi kukupa umiliki asiokuwa nao, hata ukilipa kwa nia njema. Haki ya kijana ni kumdai aliyemuuzia. Ndiyo maana nasema nakala ya kadi si kadi. Na soma namba zote mbili, za chesisi kwenye shingo ya usukani na za injini, kwa tochi na kitambaa cha kufutia. Kwenye zile 17 za chesisi hakuna herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiiona mojawapo, aliyegonga hakuwa kiwandani.

Dada wa Keria
Nilimsindikiza kutoa maelezo na nikampa picha zote za mazungumzo. Zaidi ya hapo naomba msinihukumu.

Mnyororo Mkavu
Hakuna anayekuhukumu, dada. Wauzaji nao: msikabidhi pikipiki bila kubadilisha jina siku hiyohiyo. Rafiki yangu aliuza yake zamani, na bado akaletewa faini za barabarani za aliyeinunua.

Kiti cha Nyuma
Mpelekee fundi wako, ndiyo kinga ya pekee.

Mteja wa Mbali
Fundi aliyependekezwa na muuzaji? Huyo anapewa chake pembeni. Tafuta wako.

Mgeni Hapa
Samahani kuingilia. Kesho nafuata moja. Inasemekana ni ya 2021, kilomita 9,000. Raba za kukanyagia zimelainika kabisa. Tairi la nyuma kwenye picha limeandikwa 1417 ubavuni. Ni namba ya nini?

Fundi Mstaafu
Wiki ya 14 ya mwaka 2017. Hilo tairi limetengenezwa miaka minne kabla ya pikipiki, kwa hiyo pikipiki haikutoka nalo kiwandani. Kwa kilomita hizo la kwanza lilitakiwa bado liwepo, au liwe ndiyo linakaribia kubadilishwa kwa jipya, si kwa kuukuu. Kilomita za kwenye mita usiziamini tena. Muulize lilikwenda wapi tairi la kwanza na kwa nini, kisha mnyamazie umsikilize.