Hivi mjini hapa hakuna kifuko cha tableti kilichoshonwa kikashonwa?

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, miguu inauma na roho ndiyo usiseme.

Shida yangu ni ndogo hadi naona aibu kuiandika. Nina tableti, Samsung Galaxy Tab A7, ile ya 2020 ya inchi 10.4. Inakaa kwenye begi la mgongoni, daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, imebanana na funguo, chaja na hotipoti ya mchana. Nataka kifuko. Cha kuchomeka tu, mdomo mmoja, sponji ya kutosha, basi. Sitaki kava la kukunja linalogeuka stendi, sitaki kibodi, sitaki kamba ya mkononi, sitaki Mnara wa Eiffel na vipepeo vinavyometameta. Mimi mtu mzima na ndevu zangu.

Duka la kwanza leo, Mtaa wa Aggrey, dogo hata usoni hajanitazama: "Inchi ngapi bosi?" Nikamwambia kumi nukta nne. "Inchi kumi zote zinaingia humu." Nikachomeka pale pale kaunta, nikatikisa. Inacheza kama karanga kwenye kopo. Jamani, inchi ni za kioo, zinapimwa kona hadi kona! Umbo la chombo chenyewe hazikwambii. Yangu ina upana wa milimita 157. iPad ya 2021 ni ya inchi 10.2, yaani kwa inchi iko chini ya yangu, lakini upana wake ni milimita 174, maana imekaa kimraba mraba. Kifuko chake ukikivisha Samsung ni shati la kaka mtu. Nikatoa rula begini (ndiyo, nilienda na rula, chekeni tu) dogo akaanza kuniangalia kama nimetoka mamlaka ya mapato. Maduka sita, wimbo ule ule. Hakuna hata mmoja mwenye vipimo vya ndani vya kitu anachokiuza.

Na msidhani sijawahi kununua. Hiki ningenunua leo kingekuwa cha nne.

Cha kwanza niliuziwa "ngozi orijino" kwa Sh 25,000. Sijui ni ngozi ya mnyama gani inayobabuka kwa masika moja. Kile ni kitambaa kilichopakwa plastiki juu, na joto na unyevu wa Dar ndiyo kifo chake. Kilianzia kwenye kona, kikawa kinapukutika magamba meusi: kwenye kioo, kwenye shati jeupe, siku moja nikayakuta juu ya chapati.

Cha pili kilikuwa na kifuniko cha sumaku. Kwa macho, kizuri kweli. Kumbe tableti yenyewe ina kihisi cha sumaku: kava likifunga inalala, likifunguka inaamka. Sasa daladala ikiingia shimo, kifuniko kinachezacheza, kioo kinawaka kinazima, kinawaka kinazima, kutoka Mbagala hadi Posta. Nafika kazini chaji imekatika nusu na sijaigusa.

Cha tatu ndicho kilichoniuma. Sponji ya mpira, ile ya nguo za wapiga mbizi, nzito, imebana vizuri, nikasema hapa nimefika. Zipu ya chuma, kwa ndani hawakuweka hata utepe wa kuikinga. Kila nikiingiza tableti meno yanapita ubavuni krrr. Angalieni ubavu wa kushoto sasa hivi, utadhani paka kapita. Na mwisho wa zipu mshono haukurudiwa, uzi ukaanza kufumuka wiki ya pili. Kurudia mshono ni sekunde ngapi kwenye cherehani? Mbili? Pesa ya vipepeo ipo, pesa ya kurudia mshono hakuna.

Aliyenielewa ni fundi mabegi wa mtaani kwetu. Hakuuliza inchi. Alilaza tableti juu ya gazeti, akaizungushia penseli, akaongeza upana wa kidole, akaniambia atatumia turubai nje na kipande cha blanketi ndani, zipu hataki, ataweka ulimi wa kukunja. Sh 12,000. Njoo Alhamisi. Leo ni Alhamisi ya nne, na simu ameanza kutopokea.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima iliyobaki: nani anajua pa kupata kifuko, au fundi mwenye Alhamisi za kweli? Milimita 248 kwa 157, unene 7. Wa "mkuu chukua tu kava la kukunja" wapite kimya. Tableti kwa sasa inasafiri ndani ya taulo la mwanangu, la bata, na ofisi nzima wameshaliona.