Ankara moja, akaunti mbili za matumizi: naingizaje QuickBooks (programu ya uhasibu)?

Wakuu, nina ankara ya 590,000/=, VAT 18% ikiwemo: karatasi na matengenezo ya printa. Niingize bili mbili?

— Hapana mkuu. Bili moja, namba ya ankara ileile, mistari miwili: Vifaa vya Ofisi 300,000, Matengenezo 200,000. Weka kodi kila mstari, 90,000 itajihesabu. Ukiigawa bili mbili, utasumbuka kuoanisha na taarifa ya msambazaji.

— Kagua kwanza kama fomu inasoma bei zenye kodi ndani. Ikiwa hivyo, andika 354,000 na 236,000, maana ukiweka 300,000 na 200,000 jumla itagoma kwenye 500,000 na utaisaka 90,000 mpaka jioni.

— Siku ya kulipa, lipia bili hiyohiyo. Ukiyaingiza malipo kama matumizi mapya, gharama inaingia mara mbili na deni linabaki palepale.

— Shukrani, imekubali: 590,000 kamili.