Meli iliyozama na askari wetu 1944, ilizamishwa na ndege au nyambizi? Na manowari ya kwenye hii picha ni ipi?

MjukuuWaKeya

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Babu mzaa baba alikua keya, yaani askari wa King's African Rifles, vita ya Hitler, wakapakiwa Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, na kila akikaa barazani na kahawa yake alikua anatusimulia jinsi meli ya wenzao ilivyopigwa ikapasuka ikazama mbele ya macho yao, anakiinua kikombe anasema hii kahawa haijapoa ile meli haipo. Mdogo wake alikua humo, kikosi cha mizinga. Babu keshatangulia mbele ya haki na baba zangu wadogo wanabishana kila msiba tukikutana, mmoja anasema zilikua ndege za Wajapani, mwingine anasema kitu kilitoka chini ya maji. Babu kaacha picha moja, mchwa wamekula kona, ni manowari imeonekana ubavu wote, nyuma kaandika na penseli "Kilindini 44". Ni manowari gani hii? Na mdogo wake aliuliwa na nini hasa? Naomba sana mnaojua.

Bandari_Kuu

Pole mkuu. Hiyo ni Cornwall, meli ya Waingereza, ilipigwa na ndege za Wajapani bahari ya Hindi huku huku. Kwa hiyo baba mdogo wa ndege yuko sahihi.

MzeeWaDohani

Hapana ndugu yangu Bandari_Kuu, hapo umechanganya vitu viwili na hata wazee wengi walichanganya. Cornwall na mwenzake Dorsetshire zilizamishwa tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, siku ile ile Colombo kule Ceylon iliposhambuliwa. Waliozizamisha ni Aichi D3A, ndege ya kushuka wima na bomu, na ukiiona kwenye picha huwezi kuipoteza maana magurudumu yake hayakunjwi, yananing'inia muda wote kama miguu ya kunguru. Siku nne baadae ndege za aina hiyo hiyo zikaizamisha Hermes, ile manowari ya kubebea ndege. Sasa meli iliyokwisha 1942 haiwezi kupigwa picha Kilindini 1944.

Mjukuu, meli ya mdogo wake babu ni Khedive Ismail, sina shaka. Ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenye msafara ulioitwa KR 8, meli tano za abiria, nyingine ni City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, babu atakua alikua kwenye mojawapo ya hizo. Humo ndani walikua watu wa 301 Field Regiment ya East African Artillery, ndo hicho kikosi cha mizinga, karibu elfu moja, pamoja na mabaharia na manesi. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua topido nne, yale makombora yanayokwenda chini ya maji, na mbili zikaipata. Ilizama kwa dakika zisizofika tatu, kahawa ya babu ni ushahidi wa kweli kabisa. Walikufa 1,297 na wengi walikua chini ndani ya meli, walitoka hai 214 tu na wanawake kati yao sita.

Kinachoniuma mimi mpaka leo ni kilichofuata, nyambizi ilijificha chini ya watu waliokua wanaelea, na manowari Petard ikabidi idondoshe mabomu ya majini pale pale watu walipo maana bado kulikua na zile meli nyingine nne za abiria zilizotakiwa kulindwa. I-27 ikaibuka, risasi za mizinga zikawa haziipasui, manowari mwenzake Paladin ikaenda kuigonga ikaamriwa iache, ikapita karibu mno pezi la nyambizi likaichana ubavu. Mwisho Petard ikapiga topido moja moja, sita zikakosa, ya saba ikamaliza kazi. Siku hiyo ndege haikuhusika kuzamisha. Ila nadhani babu alipofika Ceylon alikuta watu bado wanazungumzia ndege za Pasaka, hadithi mbili zikakaa mdomo mmoja.

Sasa picha. Hesabu dohani, na angalia mizinga imekaaje.

MjukuuWaKeya

Mzee asante sana, nimesoma mara tatu nikampigia na baba. Dohani ni mbili. Mizinga naona kila mmoja umekaa peke yake na ngao yake, sio miwili miwili.

MzeeWaDohani

Basi inaelekea sana ni Hawkins, ndo iliyokua kubwa kwenye ulinzi wa msafara wao. Cornwall ilikua na dohani tatu na mizinga minane ya inchi 8 miwili miwili, Hawkins dohani mbili na mizinga saba ya inchi 7.5 mmoja mmoja. Petard na Paladin zina dohani moja tu. Itunze hiyo picha, toa kwenye fremu ya mbao kabla mchwa hawajarudi.

Bandari_Kuu

Nimekosea, samahanini. Mjukuu, majina ya waliopotea baharini yapo Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, kuna mnara wa East Africa Memorial. Anzia kwenye East African Artillery.

MjukuuWaKeya

Tutaenda na baba Mungu akijalia. Shida babu alisema karani aliandika jina la mdogo wake alivyolisikia yeye, sio tunavyolitamka kwetu.

MzeeWaDohani

Tafuta namba yake ya jeshi kwenye makaratasi ya bibi, hata kama ni barua ya kuarifiwa msiba. Jina linaweza kuandikwa vingine, namba ni ile ile.

MjukuuWaKeya

Bibi ana kibati kidogo cha bluu anafungia kwenye leso, hajawahi kumfungulia mtu. Nitamuomba.