Mjadala: Je, kaunti ikope fedha za shule kwa kutegemea bahati nasibu?

Mleta hoja: Wadau, tuangalie North Carolina, Marekani. Kule jimbo hubeba sehemu kubwa ya mishahara ya walimu, lakini majengo ni mzigo wa kaunti, na bodi ya shule haina mamlaka ya kutoza kodi. Sheria ya bahati nasibu ilipita 2005 kwa kura ya kuamua ya Naibu Gavana Beverly Perdue, Seneti ikiwa imefungana 24 kwa 24. Tiketi zikaanza kuuzwa Machi 2006, na 40% ya fungu la elimu ikatengewa ujenzi. Kaunti zikaruhusiwa kulipia hata deni la ujenzi lililokopwa tangu Januari 1, 2003. Mimi naona ni sawa kabisa. Bila hizo fedha, kodi ya mali ingepanda.

Mchambuzi wa bajeti: Kuruhusiwa ni jambo moja, kutegemea ni jingine. Tupige hesabu ya mfano. Kaunti imekopa dola milioni 30 kwa miaka 20, riba 4%, mtaji (deni lenyewe bila riba) unalipwa sawasawa kila mwaka. Mwaka wa kwanza inadaiwa milioni 1.5 za mtaji na 1.2 za riba, jumla 2.7. Bahati nasibu ikileta milioni 1, pengo ni 1.7. Ikiwa mali zinazotozwa kodi zina thamani ya bilioni 5, senti 1 kwa kila dola 100 huleta 500,000, kwa hiyo pengo ni senti 3.4. Mgao ukikatwa nusu, mlipakodi anaongezewa senti 1 nzima, maana mwenye hatifungani, yaani aliyeikopesha kaunti, hasubiri droo.

Na mgao ulishakatwa. Mdororo wa uchumi ulipobana, bunge la jimbo liliiweka kando ile 40%, na kwa miaka kadhaa ujenzi ukapata kama milioni 100 tu kwa mwaka ilhali mauzo yanapanda. Kibaya zaidi, kabla ya bahati nasibu sehemu ya kodi ya mapato ya kampuni ilikuwa ikiingia mfuko huohuo wa majengo. Tangu 2009 ikasimamishwa. Chanzo kipya kimeingia, cha zamani kimetoka. Hiyo ndiyo nyongeza mnayoishangilia?

Mjenzi: Mkuu, hesabu yako imesahau gharama za ujenzi. Zikipanda 5% kwa mwaka, shule ya milioni 30 mwakani ni 31.5. Kusubiri kumekula 1.5, zaidi ya riba ya mwaka wa kwanza. Jengo jipya likopewe. Mapaa na mitambo ya joto ndiyo ilipwe taslimu kwa mgao wa mwaka, maana kazi hizo zinagawanyika: mwaka huu jengo moja, mwakani lingine, na mgao ukipungua unasogeza ratiba bila kumkosea mkopeshaji.

Mfuatilia michezo ya bahati nasibu: Msidanganywe na vichwa vya habari vya mauzo. Lengo la 2005 lilikuwa 50% zawadi, 35% elimu, 8% uendeshaji, 7% kamisheni ya wauzaji. Baadaye masharti yakalegezwa ili zawadi zikue, hasa kwenye tiketi za kukwangua. Mauzo yakapaa, asilimia ya elimu ikakonda. Mwaka wa fedha 2023 mauzo yalipita bilioni 4.3, elimu ikapata kama bilioni 1, chini ya robo.

Mleta hoja: Basi tufanye kama Florida. Mwaka 1997 iliidhinisha hatifungani za jimbo hadi bilioni 2.5, zikidhaminiwa na mapato yenyewe ya bahati nasibu.

Mchambuzi wa bajeti: Hapo mkopeshaji yuko mbele ya foleni. Pato likishuka, wanaoumia ni walio nyuma yake, zikiwemo fedha za masomo. Hatari imehamishwa tu.

Mjenzi: Na kaunti maskini? Mfuko wa mahitaji wa North Carolina, ulioundwa 2017 kusaidia kaunti zisizojiweza, ni wa miradi mipya, haulipi deni la zamani. Aliyekopa mapema kwa sababu darasa lilikuwa linavuja hafaidiki nao.

Mleta hoja: Nakubali kikomo, si marufuku. Tuchukue mgao mdogo kuliko yote wa miaka mitano, nusu yake ndiyo iingie kwenye marejesho.

Mchambuzi wa bajeti: Nusu bado ni nyingi kwa kaunti yenye kodi finyu, kule ningeanza na robo. Na kikomo kiandikwe kwenye sera ya madeni kabla ombi la mkopo halijafika kwa tume ya jimbo inayoidhinisha mikopo ya serikali za mitaa. Kikiandikwa baadaye, ratiba ya marejesho imeshafungwa.