Uvimbe wa desmoidi kwenye ukuta wa tumbo: je, kungoja ni uzembe?

Muulizaji, Kisumu:
Hamjambo nyote. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 31, alijifungua kwa upasuaji mwaka juzi, na miezi kumi baadaye akagundua uvimbe mgumu kando ya kovu, ambao sasa unatoshana na limau. Zahanati ya kwanza ilisema ni ngiri, ingawa haurudi ndani akilala wala hauchomozi akikohoa. Sampuli iliyochukuliwa kwa sindano imeonyesha kuwa ni desmoidi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia misuli, wala si saratani, na daktari anataka tungoje miezi mitatu apigwe picha nyingine. Mama yetu hapati usingizi: kitu kinachokua kinaachwaje tumboni?

Jibu, Nakuru:
Pole sana, ndugu yangu. Huo si uzembe. Desmoidi ni nadra, watu wapatao 2 hadi 4 katika kila milioni kwa mwaka, na ule wa ukuta wa tumbo huwapata zaidi wanawake waliozaa karibuni, kwa hiyo sishangai kwamba ulidhaniwa ngiri. Hausambai hadi kwenye mapafu au ini, lakini hujipenyeza katikati ya nyuzi za msuli kiasi kwamba mpaka wake haujulikani vyema, na hata baada ya kukatwa unaweza kurudi palepale. Zamani kisu kilitangulia. Siku hizi madaktari wengi huanza kwa kuufuatilia kwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), kwa kuwa baadhi huacha kukua na mingine hunywea yenyewe. Ninachokiogopa mimi ni kungoja kusiko na tarehe.

Jibu, Kakamega:
Nakubaliana na aliyetangulia. Wangu niliupima kila mwezi kwa utepe wa fundi cherehani, nikiwa nimelala chali, nikaandika sentimita kwenye kalenda ya jikoni. Daktari aliitumia kalenda hiyo pamoja na picha. Ulizeni pia kama kuna jamaa aliyepata saratani ya utumbo mpana akiwa kijana, kwa sababu zipo koo zinazorithi vijinyama vingi vya utumbo pamoja na desmoidi, na hapo utumbo wenyewe huhitaji kuchunguzwa kwa kamera. Akianza kutapika, au maumivu yakizidi ghafla, asingoje tarehe.

Muulizaji:
Asanteni sana. Mjomba wetu alifariki kwa ugonjwa wa utumbo akiwa na miaka 38, na hakuna aliyewahi kumtajia daktari jambo hilo. Nitampigia kesho asubuhi.